Mnyama Asiyejua Kiingereza

Mjomba wangu alikuwa fundi cherehani Goma, na kwake ndiko nilikojifunza kushika mkasi, nikiwa na miaka kumi na miwili hivi. Siwezi kuapa kuhusu miaka hiyo, maana kwetu umri ulihesabiwa kwa kusema fulani alizaliwa kabla au baada ya fulani kuoa. Shule nilikuwa nimeshaiacha. Nilisoma miaka miwili, wa tatu nikaugua tumbo, na tumbo lilipopona hakuna aliyenikumbusha kurudi. Ndiyo maana ukiona maneno yangu yanapinda njiani, usishangae. Mshono wangu umenyooka kuliko mwandiko wangu.

Siku moja aliingia mteja mrefu, anataka suti ya kuvaa kwenye harusi ya dada yake. Mkono wake mmoja ulikuwa mfupi kuliko mwingine, kiasi cha upana wa vidole vinne, na alikuwa ameuficha mfukoni. Mimi niliuona. Nikafungua mdomo niseme, mjomba akanikanyaga mguu. Akachukua tepu yake, akapima ule mkono mzima, akaandika. Halafu bila kugusa wa pili akaandika namba ileile, akasema kwa sauti, "Mikono yote sawa."

Mteja akakohoa. "Fundi, pima na ule mwingine."

"Ya nini? Mutu anazaliwa na mikono mbili sawa."

"We pima tu."

"Papa, mi iko na miaka makumi mbili mu hii kazi."

"Fundi! Huu iko mufupi!" Akautoa mfukoni. "Angalia. Vidole ine. Na hii bega inashuka kidogo, utatia kitambaa ndani. Na mufuko usiweke pale, weka hapa, sababu nashika kalamu na ule mwingine."

Akazungumza juu ya mkono ule muda wa kuchemsha chai na kuinywa. Ulivunjika akiwa mdogo, aliyeuunga alikuwa mama mmoja wa jirani ambaye alikuwa akiunga hata mbuzi, na mbuzi wake walipona vizuri kuliko yeye. Akacheka mwenyewe. Alipotoka nikamwuliza mjomba kama kweli hakuuona ule mkono.

"Niliuona akiwa bado barabarani," akasema, na akarudi kwenye mashine.

Jambo hilo lilinikaa kichwani. Nilitaka kujua ilikuwa huruma au ilikuwa ujanja wa kazi, na kwa nini mtu aone raha kumsahihisha fundi kuliko kuulizwa na fundi. Sikumwuliza tena. Alikuwa mtu wa jibu moja kwa siku.

Baadaye nilirudi Gisenyi, kwetu, upande wa pili wa mpaka, nikaweka cherehani yangu kwenye baraza la duka moja karibu na soko, na hapo nipo mpaka leo. Watu wa mji huu wananijua kwa vitu viwili, suruali na hadithi. Kwenye harusi wananiita, kwenye matanga wananiita ili watoto watulie wakubwa walie vizuri. Lakini zote hizo nilizisimulia baada ya swala ya magharibi. Bibi yetu, ambaye wazee wake walikuja na misafara ya biashara kutoka upande wa Kigoma, alituambia anayesimulia hadithi mchana ataota mkia. Nimeishi miaka mingi bila kuamini na bila kujaribu.

Basi asubuhi moja alikuja mwalimu wa chekechea, binti mrefu aliyekulia Uganda. Kiingereza chake kilikwenda kama maji ya bomba, Kiswahili chake kilichechemea. Alikuwa amebeba simba wa kitambaa, wa kuvaa mkononi kama soksi ili mdomo wake ufunguke na kufungika. Vitabuni wanaita kikaragosi. Sisi huku tunasema pupe tu. Wageni fulani walikuwa wameliachia darasa lake simba yule, kisha mbwa wa mlinzi akampata.

"Mzee, unaweza kumtengeneza?"

Nikamwambia aniachie siku mbili. Sikio moja halikuwepo, nikalikata kwenye mfuko wa suruali ya kahawia. Manyoya ya shingoni yalikuwa yameliwa, na sufu ya njano sikuwa nayo, nikashona ya kijani iliyobaki kwenye sweta. Ndani ya mdomo niliweka satini nyekundu ya bitana. Nilipomaliza nilimgeuza huku na huku, nikaona simba ameondoka, na aliyekuja badala yake sikumfahamu.

Mwalimu alipofika kumchukua nilimvaa mnyama mkononi ili nijaribu mshono wa taya. Mdomo ukafunguka, na sijui ni kitu gani kilinituma, nikatoa sauti nyembamba: "Jamani, hapa ni wapi?"

Kulikuwa na motari anasubiri abiria mbele ya baraza. Akazima pikipiki yake. "Hapa Gisenyi, mzee," akamjibu. "Unaenda wapi? Nikupeleke Rubona?"

"Rubona kuna nini?" akauliza mnyama.

"Kuna samaki wadogo, sambaza, kuna kiwanda cha bia, yewe, hutaki kurudi."

Mwalimu alikuwa ameziba mdomo kwa kicheko. Mimi nilikuwa naangalia macho ya yule motari. Alikuwa ananifahamu, nimemshonea zipu mara ngapi sijui. Lakini alikuwa anaongea na kitambaa, na macho yake hayakunipandia usoni hata mara moja. Nikajiuliza, mtu anaona nini pale? Anajua ni mimi. Kwa nini anamjibu yeye?

Ni udadisi huo ulionipeleka shuleni, si kitu kingine. Mwalimu aliniomba nije asubuhi mbili kwa wiki kusimulia hadithi, yeye atie Kiingereza ndani yake. Nikamwambia Kiingereza sikijui hata cha kuombea maji. Akasema si kitu. Siku ya kwanza, ilikuwa saa tatu ya asubuhi na jua limewaka, kabla ya kuingia darasani nilijipapasa nyuma ya suruali kidogo. Hakuna aliyeona.

Watoto walikaa kwenye mikeka. Nilipomtoa mnyama mfukoni, kabla sijasema neno, ugomvi ulianza.

"Ni mbwa!"

"Mbwa iko na nywele ya kijani?"

"Ni mbwa ya Goma."

"We ndiyo mbwa ya Goma!"

"Ni punda. Angalia sikio."

Niliona hadithi imejitengeneza yenyewe. Nikawaambia huyu ametoka ng'ambo, hata yeye hajui ni mnyama gani, na kila anapopita anauliza majina ya vitu ili asilale njaa. Mwalimu alikuwa na kikapu chenye vitu vya nyumbani: kijiko, kiatu, kitana, yai, sabuni, ndizi, vitu kama hivyo. Mnyama akaingiza mdomo kikapuni, akatoa ndizi. Mwalimu akasema jina lake kwa Kiingereza. Mnyama akafurahi sana. Akatoa kijiko, akasema, "Hiki najua! Banana."

Paa la bati lilitaka kung'oka. "Nooo! Spuni! Spuni!"

Naandika nilivyosikia, mnisamehe. Akatoa kiatu. "Banana kubwa," akasema. Wakamrukia. Nawaambia ukweli, sikuwa naigiza. Jina nililokuwa nalo ni hilo moja. Kijiko kwa Kiingereza sikujua, kiatu sikujua, na watoto wa miaka mitano walikuwa wananifundisha kwa kupiga kelele na mimi natokwa jasho.

Mlangoni alikaa mtoto wa kike ambaye hakupiga kelele. Sweta lake alikuwa amelivuta mpaka kwenye vidole vya miguu, anaonekana kichwa tu. Wenzake walipocheka alicheka, ila bila sauti. Nikamwuliza mwalimu yule anaumwa nini. Akaniambia haumwi. Alikuja kutoka Goma kukaa na bibi yake, na tangu aingie darasani hajasema neno moja, mwaka mzima na zaidi. Mwisho wa mwaka mkuu wa shule huja mwenyewe kusikiliza kila mtoto. Anaonyesha vitu kumi, mtoto ataje saba kwa Kiingereza, ndipo apite kuingia la kwanza. Yule mtoto mwaka uliopita alionyeshwa vyote kumi, akavitazama vyote kumi, akanyamaza. Akabakizwa.

Bibi yake nilikutana naye adhuhuri ile ile. Alikuwa mchuuzi, kila alfajiri anavuka bariyeri ndogo ya mpakani na beseni la vitunguu kichwani kwenda kuuza Goma, anarudi mchana kumchukua mjukuu.

"Fundi, hata wewe wamekuleta huku? Bon. Uongeleshe huyu, tuone. Nyumbani anaongea mupaka naziba masikio. Anaongea na jiko, anaongea na mvua. Akifika hapa anakuwa jiwe."

"Ni mtoto, mama. Atazoea."

"Mi nimengoja. Mara hii akibaki, shule imeisha. Anaenda Nyakiriba kwa dada yangu kulima viazi. Kule hakuna wa kumuuliza Kiingereza. Viazi havijibu na yee hajibu, wataelewana."

Alisema kwa mzaha, lakini beseni aliliinua kwa hasira, na mtoto alikuwa amesimama pale pale akisikia. Nilimwona akiangalia chini kama mtu anayehesabu kokoto.

Nilikwenda mara tatu, mara nne. Sikumfanyia yule mtoto chochote maalumu, maana sikujua cha kufanya. Siku ya tano mwalimu alikuwa ameweka yai bichi kikapuni, la kweli. Mnyama akalitoa, akatangaza, "Shuu!" Neno la kiatu nilikuwa nimeshalijua, ila la yai sikuwa nalo. Watoto wakalipuka. Mnyama akajifanya kelele zinamwumiza sikio lake la suruali, akakimbilia mlangoni, akamwinamia yule mtoto.

"Wale wanapiga kelele, sisikii kitu. Hebu wewe. Hii ni shuu, si ndiyo?"

Akazidi kuingiza kidevu kwenye sweta.

"Nimekwambia ni shuu. Naivaa." Akaliweka yai sakafuni, akaanza kulikanyaga kwa kidevu polepole.

"Egi," akasema mtoto.

"Shuu."

"Egi! Utaipasua! We mujinga, ni egi!" Na akamkamata taya kwa mikono miwili, akamtikisa mpaka sufu ya kijani ikaanza kutoka.

Mwalimu aligeukia ubao, akawa anaufuta. Ubao haukuwa na kitu.

Tangu siku hiyo mtoto alisogea. Kila nilipokuja nilimkuta ameacha mlango kwa upana wa mkeka mmoja. Na kwa mnyama alikuwa mwalimu mkali, Mungu atusaidie. "Sema tena. Mubaya. Sema tena. Tia ulimi hapa." Mnyama akikosea mara tatu anapigwa kofi la sikio. Lakini mwalimu mwenyewe akimwuliza, "Hii ni nini?", anarudi kuwa jiwe. Hata kama kitu ni kile kile alichomfundisha mnyama punde tu.

Nilishindwa kulala na swali hilo. Hapana, naongopa, nililala, mimi hulala hata sokoni. Ila asubuhi nilikwenda nalo. Mnyama akamwuliza chini chini, "Mimi unanifundisha. Mwalimu kwa nini humwambii?"

Akanitazama, namaanisha akamtazama mnyama, kama amesikia swali la kipumbavu.

"Mwalimu anajua," akasema. "Yee anajua, sasa ya nini nimwambie?"

Nilikaa chini. Kweli kabisa. Nyumbani kwake, sokoni, bariyerini, anayeuliza ni asiyejua. Mteja anauliza kitunguu kimetoka wapi kwa sababu hajui. Askari anauliza umebeba nini kwa sababu hajaona. Shuleni peke yake ndiko anakokuta mtu mzima, ana kijiko mkononi, anakijua tangu kuzaliwa, anamwuliza mtoto hiki ni nini. Hata mimi, mteja akija na nina vipimo vyake kitabuni, nikimwuliza kiuno chake kimekuwaje atadhani namcheka. Nilimweleza mwalimu. Akasema maneno fulani kwa Kiingereza, peke yake, na sikuyaelewa.

Hapo ndipo penye kosa langu, na naliweka wazi. Mimi nilianza kukipenda kile Kiingereza. Nilikuwa naketi kwenye cherehani nataja vitu kimyakimya, mguu unakanyaga, mdomo unataja. Sopu. Komu. Wota. Siku moja alipita mzungu mwanamke kutoka hoteli za ufukweni, kandambili yake imekatika, akanijia nimshonee. Nikaishika nikamwambia, "Shuu." Akasema, "Yes." Tukaelewana vizuri kabisa. Nilitembea na ile "yes" wiki nzima. Mtu aliyeachishwa shule na tumbo, sasa anaambiwa yes na mzungu.

Zilikuwa zimebaki wiki tatu kabla ya mkuu kuja. Mwalimu akatia kikapuni kitu kipya ambacho hakuwa amewafundisha, ufunguo. Mnyama akautoa. Watoto wote wakatazamana, hakuna aliyejua. Na mimi nilikuwa najua! Mwenye duka la kufuli jirani yangu alikuwa ameniambia siku mbili nyuma, kwa sababu nilimwuliza. Kazi yangu ilikuwa kusema "banana" na kungoja mwalimu. Lakini ulimi ulitangulia.

"Kii!" akasema mnyama, kwa sauti ya mtu aliyeshinda.

Mwalimu akashtuka. Watoto wakapiga makofi. Yule mtoto, ambaye wakati huo alikuwa amekaa mbele kabisa, hakupiga. Macho yake yalitoka kwenye mdomo mwekundu wa mnyama, yakapanda taratibu kwenye mkono wa shati langu, bega, shingo, mpaka usoni. Nadhani ilikuwa mara yake ya kwanza kuniona.

"Unajua," akasema.

Akachukua sweta lake, akarudi mlangoni.

Mara iliyofuata nilijaribu kumrudisha kwa njia ya mjomba. Nilitoa kijiko, nikakiita yai. Nikatoa sabuni, nikaiita kitana. Watoto wengine walipiga kelele kama kawaida, wao hawakujali. Yeye alikuwa ananitazama usoni tu, hakumtazama mnyama. Nikamwendea. "Hii ni egi, si ndiyo?" Akajibu bila hasira, "We mzee unadanganya." Mjomba alikuwa na uso wa kazi hiyo. Wangu haufichi kitu. Nikicheza karata, wenzangu hawahitaji kuangalia karata zangu.

Tulikaa mimi na mwalimu kwenye ngazi ya darasa, tukitafuta mtu mwingine wa kumvaa mnyama.

"Mzee, nimvae mimi?"

"Wewe unajua kuliko wote."

"Mtoto mwingine?"

"Wote wamejifunza."

"Askari wa getini?"

"Alifanya kazi hotelini. Ananisalimia kwa Kiingereza kila siku, ananiudhi."

Tukapitia watu wote wa pale, mpishi, mke wa mkuu, yule anayeleta maji. Ilikuwa ajabu kutafuta mjinga na kumkosa. Saa sita ikafika, geti likalia, bibi akaingia na beseni karibu tupu, analalamika kabla hajafika. Askari wa bariyeri wamemchelewesha, jua kali, mgongo unauma.

"Mama," nikamwita. Nikamwinulia kijiko. "Hiki kwa Kiingereza kinaitwaje?"

"Nitajuaje? Mi nilisomea vitunguu."

Mwalimu aliniangalia. Mimi nilikuwa nimeshamvua mnyama mkononi. Alikuwa na joto langu bado. Nikampelekea bibi.

"We fundi ni mwendawazimu? Na uzee huu? Mikono yenyewe inanuka."

"Jaribu tu, mama. Ni soksi."

"Soksi inavaliwa muguuni!"

Akaingiza mkono huku anageuza uso, kama anayetia mkono kwenye tundu la panya. Aliutia vibaya, mdomo ukawa kisogoni. Akaanza kuchezesha, na mnyama akawa anaongea kwa utosi. Tulikuwa tunacheka tuliposikia nyuma yetu:

"Koko, hapana hivyo."

Huku wengi wanamwita bibi koko. Mtoto alikuwa ameondoka mlangoni. Akashika vidole vya bibi yake kimoja kimoja, akavipanga. Kidole gumba chini, vinne juu. "Sasa fungua. Funga. Fungua."

Bibi akafungua, akafunga. Kitu kilimwingia. Akachukua kijiko kikapuni, akakitazama mbele na nyuma. "Hii Wangereza wanaiita nini? Majani ya sombe?"

"Koko! Spuni!"

"Uongo."

"Spuni, koko, nakuapia!"

"Na hii?"

Aliuliza kweli. Niliona uso wake umekunjamana kama wa mtu anayesikiliza bei ya upande wa pili. Wakapita kikapu chote. Akasahau mgongo, akasahau jua. Kikapu kilipokwisha mnyama akatia mdomo kwenye beseni la bibi mwenyewe, akatoa kitunguu kimoja kilichosalia.

"Na hii yangu?"

Mtoto akafungua mdomo. Akaufunga. Kitunguu hakikuwemo kikapuni, hakujua. Alisimama pale, bibi anangoja na mnyama anangoja na taya wazi. Halafu akageuka, akaenda mpaka kwa mwalimu, akavuta sketi yake.

"Mwalimu, kitunguu kwa Kiingereza ni nini?"

Mwaka mzima na zaidi, na hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwa mwalimu. Mwalimu alimwambia. Halafu akamwambia tena, polepole. Mtoto akakimbia na neno mikononi kama amebeba maji, "Onyoni, koko, onyoni!"

Siku zilizobaki bibi alikuja kila adhuhuri na swali. Kabichi. Mvua. Punguza kidogo. Alikuwa amegundua kwamba upande wa ufukweni kuna wazungu wanaokula vitunguu. Mimi nilipunguza kwenda. Nilikwenda mara moja tu kushona taya, ambayo bibi aliipasua kwa kuongea sana.

Siku ya mkuu mwalimu aliniita nije nione. Mkuu ni mtu mnene, mpole, miwani yake imefungwa kamba shingoni. Mwalimu alikuwa amemweleza habari ya bibi na mnyama, ana wasiwasi kwamba atakataa.

"Mimi nasikiliza mtoto," akasema mkuu. "Akijibu akiwa amepanda juu ya kabati, nitaandika amejibu."

Mimi nilisimama nje, dirishani. Zamu ya mtoto wetu ikafika. Bibi alikuwa amevaa kitenge cha Idi, amekaa kwenye kiti cha chekechea magoti yamemfika kidevuni, mnyama mkononi. Mkuu akampa mnyama kitu cha kwanza, kiatu.

"Hii ni nini?" akauliza bibi. "Kabichi?"

Mtoto alikuwa anataka kujibu. Nilimwona. Lakini kabla ya kujibu alizungusha macho darasani, kama anayechungulia njia, akafika dirishani, akaniona. Mdomo ukafungwa. Akanitazama vile vile alivyonitazama siku ya ufunguo, mkono, bega, uso. Pale ndani palikuwa na mwalimu anayejua, mkuu anayejua, na hao alikuwa ameweza kuwapita. Mimi sikupitika. Mimi ndiye niliyemwambia sijui, kisha nikajua.

Nikarudi nyuma hatua mbili, mpaka nikaona ukuta badala ya dirisha.

"Kabichi, si ndiyo?" ilikuwa sauti ya bibi. "Naitia kwenye sufuria."

"Koko, hapana! Shuu!"

Moja. Nilihesabu kwa vidole, nimeegemea ukuta. Kitana. Mbili. Yai, na hapo alipiga kelele kwelikweli, nadhani bibi alikuwa amelibana. Tatu. Sabuni. Nne. Kijiko, akakitaja kwa kudharau. Tano. Cha sita hakikuja, nikasikia mkuu anakohoa, na vidole vya mkono wangu mmoja vilikuwa vimekwisha. "Usiniambie kama hujui," bibi akasema, "nitamuuliza mwingine." "Najua, koko! Ni kii!" Sita. Maji. Saba.

Saba zilitosha. Cha nane kilikuwa kinaanza, mkuu mwenyewe alikuwa anacheka, na mtoto anamwambia mnyama atie ulimi hapa, si pale.

Nikaweka tepu yangu shingoni, nikatembea kwenda getini.

"Good morning, mzee," akasema askari. "Bado hawajamaliza. Unaenda wapi?"

"Kuna suruali inaningoja."

"Na yule mnyama wako?"

"Si wangu," nikasema.

Akafungua geti. Nikashika barabara ya kuteremka sokoni, na pale shuleni sikurudi tena.